Vifupisho vya Kiingereza kwenye ratiba za safari, kwa Kihispania vinaandikwaje?

kijana_wa_sakina

Wakuu habari za jioni. Mi nipo Arusha, nafanya kazi kwenye kiofisi kidogo cha utalii, sasa bosi kapata ajenti kule Hispania atatuletea wageni kuanzia Julai na anataka ratiba zote pamoja na fomu ya bukingi ziwe kwa Kihispania. Lugha nimesoma kidogo, sentensi za kawaida naandika mwenyewe, zile ngumu natupia kwenye programu ya kutafsiri halafu nazipitia. Kinachonitoa jasho ni vifupisho. Ratiba zetu mnazijua, kila mstari B/L/D (milo ya asubuhi, mchana na usiku), FB (chumba na milo yote mitatu), HB (chumba na milo miwili), NP (hifadhi ya taifa), 4WD, pax (idadi ya wageni), ETA (muda wa kufika), am na pm, na fomu ndo balaa zaidi, M/F (jinsia), No., DOB (tarehe ya kuzaliwa), N/A (haihusiki), ASAP (haraka iwezekanavyo), PS (nyongeza mwishoni mwa barua). Programu ukiipa sentensi nzima inajitahidi lakini ukiipa herufi mbili tu inakurudishia hizohizo au inatunga kitu chake. Kuna aliyeniambia acha Kiingereza kilivyo watajua wenyewe, mwingine anasema tafsiri kila kitu. Hivi Wahispania wenyewe wanaandikaje? Na wageni wa Meksiko na Argentina ratiba ni hiyohiyo au inabidi nitengeneze nyingine? Bosi anaitaka Ijumaa.

Mzee Kifaru

Ngoja waje wajuzi ila mi nakushauri usijipe presha. FB na HB ni lugha ya hoteli dunia nzima, hata Mchina na Mrusi wanaijua. Ukianza kubadilisha herufi utawachanganya mapokezi kule lodge wakamnyima mgeni chakula.

binti_nungwi

Assalaam alaykum. Mzee Kifaru shikamoo, ila hapo naona kuna karatasi mbili zimechanganywa. Ile vocha inayokwenda hotelini iache na Kiingereza chake, FB ibaki FB, maana anayeisoma ni mtu wa mapokezi wa Karatu au huku kwetu Unguja. Ratiba anayoisoma mgeni nyumbani kwake kabla hajalipa hiyo ni habari nyingine, yule mama wa Sevilla hajawahi kufanya kazi hotelini, FB kwake ni Facebook.

Mimi nipo kitengo cha bukingi kwenye hoteli huku kaskazini na maajenti wa Kihispania wanatuletea orodha kila wiki kwa hiyo hizi herufi nimezizoea. Wao wanatumia hivi: chumba tupu bila chakula ni SA, yaani solo alojamiento. Chumba na chai ya asubuhi, ile BB yetu, kwao ni AD, alojamiento y desayuno. HB ni MP, media pensión. FB ni PC, pensión completa, na usishtuke ukaona hoteli inatoa PC kwa kila chumba ukadhani ni kompyuta. AI ile ya kula kunywa kila kitu ni TI, todo incluido. Siku hizi ukimwandikia mtu AI atafikiria akili bandia, ingawa hata hiyo kwao wanaigeuza inakuwa IA.

Kwenye milo ndo uwe makini sana kaka angu. B/L/D yetu D ni chakula cha usiku. Kwao D ni desayuno, chai ya asubuhi! Kwa hiyo ukiacha D ya Kiingereza siku mgeni anapofika jioni, yeye anasoma kapewa chai ya asubuhi na usiku hana kitu. Andika D, A, C, desayuno, almuerzo, cena, na juu kabisa ya ratiba weka mstari mmoja wa kuzifafanua.

Na kuhusu programu, usiipe herufi. Kifungue kifupisho kwanza kiwe maneno kamili kwa Kiingereza, tafsiri hayo maneno, halafu ndo uangalie kama Wahispania wana kifupisho chao. Mara nyingine hawana, basi unaandika neno zima na maisha yanaendelea. ASAP hawana chao, unaandika cuanto antes. DOB andika fecha de nacimiento lote zima, nafasi ipo kwenye fomu. PS ndo wanacho, ni P. D., posdata.

kijana_wa_sakina

Dada umenifungua macho, hiyo D ingenitoa roho. Sasa ETA na hizo za saa je? Na M/F?

mbongo_valencia

Mkuu mimi naishi huku Valencia, nimeona uzi nikasema nisipite kimya. ETA ITOE. Kabisa. ETA huku lilikuwa lile kundi la Wabaski lililokuwa linatega mabomu na kuua watu miaka mingi, liliacha mashambulizi 2011 na likavunjwa rasmi 2018, watu wazima wote wanalikumbuka na kuna waliopoteza ndugu. Sasa fikiria familia ipo Serengeti inapokea meseji ya dereva imeandikwa ETA 18:00 😂 wataelewa baadaye ni muda wa kufika lakini kwa nini uwape huo mshtuko. Andika llegada prevista, inatosha.

Saa: am na pm wanazielewa na kanuni ya Akademia yao ya lugha ni kuziandika na nafasi katikati, a. m. na p. m., ila kwenye ratiba huku Hispania wanatumia saa 24, andika 15:30 h na umemaliza. Tena kwa sisi wenye saa yetu ya kuanzia alfajiri hiyo ndo salama, dereva haji saa tatu asubuhi wakati mgeni anamsubiri saa tisa.

M/F sasa. Fomu nyingi za Kihispania zinaandika H/M, hombre na mujer. Maana yake M ni mwanamke! Lakini kwenye pasipoti M ni mwanaume kwa sababu pasipoti zote zinafuata mfumo mmoja wa kimataifa. Kwa hiyo mtu mmoja, herufi moja, karatasi mbili, jinsia mbili. Na Meksiko kwenye ile namba yao ya raia, CURP, ni H na M vilevile. Ushauri wangu andika hombre na mujer kwa kirefu na viboksi vya kutiki, herufi peke yake usiweke.

No. kama namba pia ni tatizo maana msomaji anaona "hapana". Wao wanaandika n.º, ile o ndogo inapanda juu, au núm. N/A huku tunaona no procede, Amerika Kusini wanapenda no aplica. NP inageuka P. N. kwa sababu ni parque nacional. 4WD ni 4x4, kila mtu anaelewa. Pax wenzetu wa maofisi ya utalii wanatumia hata huku lakini mgeni mwandikie personas. Kama una jedwali la siku za kuondoka, wiki yao ni L M X J V S D, X ni Jumatano, miércoles, kwa sababu Jumanne imeshachukua M. Miezi usikopi ya Kiingereza, Januari ni ene., Agosti ago., Desemba dic., na kwenye ramani magharibi ni O sio W. Kaskazini magharibi inakuwa NO kwa hiyo usishangae mshale unakukataza kwenda 😅

Halafu kitu ambacho hukuuliza lakini kitakukuta, NAMBA. Huku nukta ni ya maelfu na koma ndo ya desimali. Ukiandika bei 1,850 Mhispania anaweza kuisoma moja nukta themanini na tano, na yeye akiandika 1.850 wewe unasoma hivyohivyo. Meksiko ni kinyume, wao wapo kama sisi. Dawa ipo na ni rasmi, namba ya tarakimu nne haiwekwi alama yoyote, andika 1850. Na Kilimanjaro hivyohivyo, 5895 m. Ukiona kwenye ratiba za wenzako m s. n. m. au msnm ni mita juu ya usawa wa bahari.

Mzee Kifaru

Sawa nimekubali yaishe, vocha Kiingereza ratiba Kihispania. Lakini mnamtisha kijana wa watu. Kwa wapanda mlima je, ile AMS, ugonjwa wa kupanda juu sana?

mbongo_valencia

Swali zuri mzee. AMS kwao ni MAM, mal agudo de montaña. Ila kwenye fomu ya afya usiweke herufi hata moja pale, andika mal de altura, ndo lugha ya mtu wa kawaida. Wageni wa Peru na Bolivia wataita soroche, wa Argentina na Chile wanasema puna. Waongoza mlima wakijua hayo maneno matatu inasaidia maana mgonjwa akizidiwa haongei lugha ya fomu.

Otis254

Niaje wasee, niko Nairobi, hapa tunapata sana watu wa Meksiko, Argentina na Kolombia kwa hiyo nijibu hiyo ya Amerika. Wanaelewana na Wahispania bila shida kwa maandishi, hauhitaji ratiba mbili, unahitaji tu kuchagua maneno ambayo hayana fujo. Gari kwa Hispania ni coche, Meksiko na Kolombia carro, Argentina auto, basi wewe andika vehículo na kila mtu ametulia. Juisi Hispania ni zumo, huko kwingine jugo. Simu ya mkononi ni móvil ama celular, weka teléfono. Neno la kuepuka kabisa ni coger, huko Hispania ni kuchukua tu, kuchukua basi kuchukua mkoba, lakini Meksiko na Argentina ni lile tendo la chumbani, hivyo ukimwambia mgeni atawachukua na gari asubuhi... tumia tomar ama recoger, hizo hazina neno.

Hiyo ya milo dada amesema vizuri lakini niongeze kitu. Wengi wanaita mlo wa mchana comida, sio almuerzo, Meksiko haswa. Sasa ukiandika desayuno, comida, cena herufi zinakuwa D, C, C, na hapo hakuna mtu anajua C gani imelipiwa. Shikilia A ya almuerzo.

mbongo_valencia

Otis kweli kabisa, na hapa Valencia almuerzo ni ule mkate mkubwa wa saa nne asubuhi na bia yake, mlo mtakatifu huo usiuguse 😂 Lakini kwenye ratiba ya safari wataelewa, hasa ukiwa na ule mstari wa ufafanuzi.

mama_Kev

Jamani msisahau alama juu ya herufi. Año ni mwaka, ukiondoa kile kiwimbi juu ya n inakuwa ano, na hiyo ni tundu la haja kubwa. Ofisi niliyowahi kufanya kazi walikuwa na fomu inauliza wageni "¿Cuántos anos tiene?" ikatumika msimu mzima, watu wanajaza 34, 51. Kwenye Windows shikilia Alt andika 164 kwa ñ ndogo na 168 kwa ile alama ya kuuliza iliyopinduliwa, kwenye simu bonyeza n kwa muda itakuja. Au kwa umri andika tu Edad, hakuna kiwimbi hakuna aibu. Na hata nyumbu wetu wanamwita ñu kwa hiyo hiyo herufi hutaikwepa.

binti_nungwi

😂😂 51 astaghfirullah.

Nimekumbuka la majina. Kijana, kwenye fomu andika Nombre halafu Apellidos kwa wingi na nafasi uiache ndefu, maana Mhispania ana majina mawili ya ukoo, kwa kawaida la baba linatangulia la mama linafuata. Fomu zetu zinauliza jina la mwisho, mtu wa bukingi anachukua lile la mama peke yake, tiketi ya ndege ya ndani inatoka haifanani na pasipoti. Tena maajenti wao wanakata majina kwenye orodha: M.ª ni María, Fco. ni Francisco, Fdez. ni Fernández, Glez. ni González. Usikopi hivyo kwenye tiketi, omba picha ya pasipoti. Na mke hachukui jina la mume, kwa hiyo mkiona majina tofauti msiwapangie vyumba viwili mkadhani hawajaoana.

kijana_wa_sakina

Nashukuruni sana wakuu, hapa nimeshajaza daftari. Nimejaribu siku ya pili, nikosoeni:

Día 2: Salida a las 7:30 h hacia el P. N. Tarangire en vehículo 4x4. Almuerzo tipo pícnic. Llegada prevista al lodge: 18:00 h. Pensión completa. D, A, C.

mbongo_valencia

Ipo vizuri. Lodge iache, wanaotafuta safari wanalijua hilo neno. Ningetoa Pensión completa hapo kwa sababu D, A, C inasema kitu kilekile na ukiviweka vyote viwili siku moja vitapishana tu, ukibadilisha kimoja unasahau kingine. Iweke mara moja kwenye ukurasa wa bei.

binti_nungwi

Naungana naye. Na angalia siku ya mwisho, wale wanaopanda ndege saa nne asubuhi weka D peke yake. Siku ya kwanza wakifika jioni weka C peke yake. Hapo ndo maajenti wanapodai hela zirudi.

kijana_wa_sakina

Siku ya mwisho nilikuwa nimeweka D, A kwa mazoea, nabadilisha sasa hivi. Nikimaliza ya Kilimanjaro naileta hapa kabla bosi hajaiona, ile ina majina ya kambi na vifaa vya kupandia, nahisi kuna kazi.

Otis254

Lete. Na sleeping bag usiitafsiri neno kwa neno, ni saco de dormir.