Mwanangu kamchagua Booster Gold awe mwalimu wake. Nimfutie katuni au nimwache?

Baba Naufali: Wakuu, habari za jioni. Nina kijana wa darasa la nne. Likizo hii mjomba wake kamjazia flashi nzima ya katuni za Justice League Unlimited, zile za 2004 hadi 2006. Watoto wote wa mtaani wanagombania kuwa Superman au Batman, wangu kang'ang'ania Booster Gold. Kwa asiyemjua, huyu ni jamaa wa karne ya 25 aliyeiba vifaa vya makumbusho akarudi nyuma, zama za akina Superman, ili ajifanye shujaa apate jina na hela za matangazo. Kila akiona kamera, meno nje.

Sasa sikilizeni. Kuku wa jirani kapotea, mtaa mzima unatafuta, kijana wangu kaenda moja kwa moja kamtoa nyuma ya tangi la maji. Kapewa soda na mia tano. Haijapita wiki, kandambili za mpangaji zimepotea. Nani kazipata? Yeye. Nikambana, akakiri anavificha mwenyewe. Eti "Booster anatoka siku za mbele, anajua mambo kabla hayajatokea." Mama yake kacheka mpaka kakaa chini. Mimi nikageukia ukutani, maana na mimi kicheko kilikuwa kinanitoka.

Nifute flashi? Naomba ushauri wa wazazi, hata wa wasio na watoto ila wanazijua hizi katuni.

Kinyonga wa Ilala: Mtoto ana akili huyo. Mwandalieni jimbo 😂

Mchora Vibonzo: Mkuu, usifute. Kwenye hiyo flashi tafuta sehemu inayoitwa "The Greatest Story Never Told", ya 2004, ukae naye muitazame wote. Vigogo wote wa Justice League wanapigana na mchawi Mordru, Booster kapewa kazi ya kuzuia watu wasisogee. Raia wanamwona wanadhani ni Green Lantern, shujaa mwingine, na hilo linamuuma kuliko kitu chochote. Ile vita kubwa unaiona kwa mbali tu, vipande vipande, ndiyo utamu wake. Huku pembeni mwanasayansi mmoja mwili wake umegeuka shimo jeusi linalomeza kila kitu, na aliyepo karibu ni Booster peke yake, na ki-roboti chake Skeets.

Hapo hakuna kamera wala mdhamini. Anakiri kwa dada mmoja mwanasayansi, Tracy, kwamba yeye ni wa kujifanya tu, halafu anakwenda kumwokoa yule mtu hivyo hivyo. Akirudi anakaripiwa kwa kuacha lindo. Hakuna shujaa mwenzake anayejua alichofanya. Mwisho wa kipindi muulize kijana: hapa soda yake iko wapi?

mama_wawili: Naona mnacheka. Tapeli anapendeka mpaka siku atakapokula cha kwako. Mimi niliuziwa kiwanja na mtu mcheshi kuliko wote niliowahi kukutana nao. Kwenye msiba wa baba alibeba maji, alipika, alilia. Kumbe kiwanja kile kile kakiuza kwa watu watatu. Hadi leo nikikumbuka utani wake nacheka kwanza, hasira ndiyo inafuata, na hilo ndilo linaloniudhi. Kaka, katuni waachie hao wachora vibonzo. Wewe mshike mtoto mkono, akairudishe ile mia tano kwa mwenye kuku na aseme yeye mwenyewe alichofanya. Soda imeshanyweka, basi, akateke maji ndoo mbili.

Mchora Vibonzo: Dada, kwenye kurudisha hela sipingi hata kidogo. Nasema tu kwamba waliomwandika Booster hawakumpamba.

Mwl. Chaki Nyeupe: Wote tumelelewa na Abunuwasi na Sungura, na hao walidanganya kuliko huyu wa karne ya 25. Ila angalieni wanamdanganya nani. Abunuwasi anamzunguka sultani na matajiri, Sungura anamzunguka Simba na Fisi. Mnyonge anamchezea mwenye nguvu, ndiyo maana mtoto anashangilia na bibi anaendelea kusimulia. Huyu kijana kamficha kuku wa jirani, ambaye naye pengine anategemea mayai yake. Muulize: kuku ni wa nani, na alilala njaa kiasi gani akimtafuta? Usimwambie jibu. Darasa la nne wanalifikia wenyewe, nawafundisha.

Nyongeza: huo ujanja wa kujua watu wanahitaji nini kabla hawajasema ni kipaji. Mpe kazi ya kweli ya kutafuta vilivyopotea, bila malipo, tuone kama atadumu.

Kinyonga wa Ilala: Mwalimu, kuku ndiye aliyelala njaa au jirani? 😂

Mwl. Chaki Nyeupe: Wote wawili.

Skeets_wa_Tanga: Kuna Booster mwingine, wa watu halisi, kwenye tamthilia ya Smallville, mwaka 2011. Kipindi chenyewe kinaitwa "Booster", kaandika Geoff Johns, Booster kaigizwa na Eric Martsolf. Huyo ndiye pacha wa kijana wako: anajua ajali zitakazotokea, anawahi na nguo zimejaa nembo za wadhamini. Halafu kijana mmoja, Jaime Reyes, anakamatwa na kidude cha shujaa aitwaye Blue Beetle kinachomtawala mwili, na Booster hana ujanja tena ila kuongea naye ukweli mtupu. Kwa mtoto wa darasa la nne, uwe naye karibu, mambo ya kutisha yapo kidogo.

Baba Naufali: Nashukuru wote. Mama_wawili, pole sana kwa kiwanja. Hela itarudishwa kesho asubuhi kabla jirani hajatoka, nitakuwa nimesimama getini. Flashi inabaki, ila inakaa kwangu. Skeets, hiyo ya 2011 naipata wapi?

Skeets_wa_Tanga: Ninayo. Njoo na flashi yenye nafasi, maana sina tafsiri, ni Kiingereza kitupu.