Soko la watumwa lilifungwa 1873, mbona karatasi ya bibi yetu ni ya 1901?

BintiNgambo aliuliza:

Assalaam aleikum jamani. Mwezi uliopita tulimzika mama mkubwa. Katika kupanga vitu vyake tukafungua kasha lililokuwa uvunguni mwa kitanda, na chini kabisa, ndani ya kopo la biskuti, mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, pembe moja imeliwa na mchwa. Ina Kiarabu na Kiingereza, na muhuri uliofifia. Jina ni la bibi yake mama yangu. Kabila: Mnyasa. Kuna na jina la mwanamume, binamu yangu anayesoma Kiarabu anasema ndiye aliyekuwa bwana wake, yaani aliyemmiliki. Mwaka 1901.

Shuleni nilifundishwa kuwa Sultani Barghash wa Zanzibar alifunga soko la watumwa 1873, tukaandika "utumwa ukakomeshwa", mwalimu akatia vema. Sasa bibi huyu, miaka 28 baadaye, karatasi ya uhuru ya nini? Ni ya kweli au tumetapeliwa na mchwa?

La pili ni zito zaidi. Mama mdogo anataka ichomwe. Binti yake anaposwa, na anasema watu wa upande wa pili wakiiona watauliza asili yetu, na posa itaishia hapo.

MwalimuMstaafu alijibu:

Waaleikum salaam mwanangu, na poleni kwa msiba. Msiichome kwanza, nisikilizeni.

Ulichofundishwa si uongo, ila kimekatwa mkia. Tarehe 5 Juni 1873 Barghash alitia saini, na alitia saini kwa sababu Waingereza walitishia kuizingira Unguja kwa manowari. Kilichokatazwa ni kuuza watu sokoni na kuwasafirisha baharini. Soko la Mkunazini likafungwa, na Krismasi ya mwaka uleule wamisheni wakaweka jiwe la msingi la kanisa palepale. Lakini aliyekuwa mtumwa shambani kesho yake aliamka mtumwa, akaenda kwenye karafuu kama jana. Magendo nayo yaliendelea. Nenda Mangapwani ukaone lile shimo lililochongwa kwenye jiwe, walimofichwa watumwa.

Amri iliyogusa utumwa wenyewe ilitoka tarehe 6 Aprili 1897, chini ya Sultani Hamoud bin Mohammed, ambaye Waingereza walimweka kitini mwaka mmoja nyuma baada ya vile vita vya chini ya saa moja. Na hiyo amri haikusema "kuanzia leo nyote huru". Ilisema mahkama hazitamtambua tena mtu kuwa mali ya mtu. Anayetaka uhuru wake, aende akauombe. Akienda, anadaiwa aonyeshe ana makazi na ana njia ya kula, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Bwana ndiye aliyelipwa fidia. Aliyetumikishwa hakupewa hata jembe.

Mimi hapa huwa sipiti haraka, hata darasani nilikuwa nikisimama. Jiweke mahali pake. Shamba unalolima ni la bwana, kibanda ni chake, muhogo unaokula umepandwa kwenye ardhi yake. Kwa desturi ya Unguja siku mbili, Alhamisi na Ijumaa, zilikuwa zako za kulima chako. Ukienda mahkamani unarudi na karatasi, na kibanda huna. Wengi walipiga hesabu wakabaki palepale, wakaelewana na bwana wao: nitakuchumia karafuu, na wewe uniachie kipande changu cha muhogo. Na masuria hawakuguswa kabisa. Amri ya 1897 iliwahesabu kama wake wa nyumba, ikabidi wangoje mpaka 1909.

Kwa hiyo kuhusu bibi yenu jambo moja nalijua bila kumwona. Alikwenda mwenyewe. Karatasi zile hazikugawiwa majumbani. Alitoka alikotoka, akasimama mbele ya hakimu, na alipoulizwa atakaa wapi, alikuwa na jibu. Muulizeni mama mdogo jibu hilo lilikuwa lipi. Wengi wa wakati ule walivuka daraja wakajenga Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, na wewe jina ulilojipa humu linanipa wasiwasi kidogo.

Pwani_Huru alijibu:

Maelezo marefu yote hayo ya nini? Waingereza ndio waliokomesha, semeni ahsante yaishe.

Kengeleni_Msa alijibu:

Pwani_Huru, taratibu ndugu yangu. Mimi ni mzaliwa wa Freretown, Mombasa, na wazee wangu ni hao hao waliotolewa majahazini na manowari za Waingereza na kuletwa misheni tangu 1875. Kengele iliyoupa jina mtaa wetu wa Kengeleni ilikuwa ya kuwaonya watu kwamba jahazi la watumwa limeonekana. Ahsante tunazo, wala sizikatai.

Ila tazama Rabai, hapo juu tu. Miaka ya 1880 watoro walikuwa wakiingia misheni kwa mamia, wala hakuna aliyewaita. Wamisheni wenyewe walitaabika, maana mabwana wa Mombasa walikuja juu wakidai watu wao. Mwishowe Mackenzie wa IBEA, kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, akawalipa mabwana ili wanyamaze, na tarehe 1 Januari 1889 zikatolewa karatasi kwa watu zaidi ya 1,400. Watu hao walishajikomboa kwa miguu yao zamani. Karatasi iliwakuta wanalima.

Na kama Mwingereza alikuwa na haraka hiyo unayoisema, mbona kwetu pwani ya Kenya sheria ilikuja 1907? Bara ya Tanganyika Mjerumani alisema tu kwamba watakaozaliwa kuanzia 1906 watakuwa huru, wazazi wao wakabaki walipo, hadi Mwingereza alipokomesha 1922.

Halafu utumwa mnautafuta kwenye makasha, na kinywani mnao. "Kibarua" ni barua ndogo. Mtumwa aliyekodishwa kazi ya siku mjini alipewa kijikaratasi, na katika ujira wake bwana alikata fungu lake. Kesho ukisema "naenda kibaruani", kumbuka.

BintiNgambo alijibu:

Mwalimu shikamoo, na Kengeleni ahsante. Nimerudi na habari.

Nilimsomea mama mdogo majibu yenu jikoni, anakuna nazi. Nilipofika "alikwenda mwenyewe" akaacha kukuna. Kimya kirefu. Kisha akasema bibi alikuwa hakubali kaniki, ile nguo nyeusi waliyovaa watumwa, nyumbani kwake. Hata ya kupikia, hata ya kupangusia. Mtu akimpa zawadi ya kaniki anaipokea kwa adabu, na kabla ya magharibi ishafika kwa jirani. Yeye ni kanga tu, doti kwa doti, na akizinunua anataka watu wamuone akizinunua. Wao utotoni walidhani ni maringo, wakimwigiza anavyotembea.

Na jibu la mahkamani analijua! Bibi alikuwa akilitoa kama kichekesho. Alisema atakaa kwa somo yake Ng'ambo, na atakula vitumbua. Kumbe alimaanisha kuvipika na kuviuza, lakini hakimu alicheka.

Karatasi haichomwi. Mama mdogo kaikunja upya, kaitia kwenye mfuko wa nailoni na kaichukua yeye. Anasema itarudi baada ya harusi ya mwanawe.

MwalimuMstaafu alijibu:

Marahaba. Mmeipiga picha lakini?

BintiNgambo alijibu:

Pande zote mbili, mwalimu.