Uzi maalumu: Tuliorudi kukimbia ukubwani na tunaofundisha wenzetu, tupeane uzoefu

Mleta mada (Dar): Wakuu, heshima kwenu. Tangu Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu atwae dhahabu ya marathoni kule Tokyo Septemba 2025, akimpiku Mjerumani kwa sehemu tatu za mia za sekunde baada ya kilomita 42, mtaani kwetu kila mtu amekumbuka kwamba naye aliwahi kukimbia. Raba zimetolewa uvunguni.

Mimi nilikimbia mita 1500 UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, kazi na ndoa vikanisahaulisha, nikarudi na kitambi juu. Siku hizi nasimamia kikundi cha jogingi, tunapita ufukweni hadi daraja la Tanzanite na kurudi.

Mwanafunzi mgumu kuliko wote ni yule aliyewahi kuwa mkali shuleni. Asiyewahi kukimbia ukimwambia kimbia dakika mbili, tembea moja, anatii. Huyu wa zamani anacheka, anachomoka kama ana miaka 17, baada ya wiki chache anachechemea, ugoko unamuuma. Moyo na mapafu huzoea upesi, kano na mifupa huchukua miezi. Pumzi inamwambia twende, mguu bado haujawa tayari. Kipimo changu ni maneno: ukishindwa kumsimulia mwenzako mechi ya jana bila kuhema katikati, punguza mwendo.

Tiririkeni.

Mdau wa Moshi: Mimi ni mama wa watatu. Nilianzia Kili Marathon, zile kilomita 5 ambazo wengi huendea kupiga picha. Sasa nakimbia 21 na kile kipandio cha kuelekea Mweka nakijua kwa uchungu wake. Nafundisha wanawake wenzangu, na kuna jambo hatulisemi: baada ya kuzaa, ukikimbia mkojo unaponyoka. Wengi huacha kimyakimya, wanasingizia kukosa muda. Nilipolitaja waziwazi kikundini, kumbe karibu nusu yao wanalo! Yapo mazoezi ya kukaza misuli ya sakafu ya nyonga, na mtaalamu wa viungo anakufundisha vizuri. Watu hututajia Faith Kipyegon, yule Mkenya wa mita 1500, alijifungua 2018 na akatwaa dhahabu ya Olimpiki 2021. Hongera zake, ila yeye kukimbia ndiyo kazi. Sisi tukitoka barabarani kuna sare za shule za kupiga pasi.

Mdau wa Eldoret: Huku kwetu ukisema unakimbia unaulizwa, "Umeshinda wapi?" Mtu wa miaka hamsini anaona haya kupitwa na vijana wa kambi, kwa hivyo nilianza kukiwa bado giza. Sasa niko na kundi la walimu wenzangu. Hatuna saa za bei. Nikikumbuka Brother Colm, yule mmishonari wa Ireland, alifika Iten 1976 kufundisha jiografia, bila kusomea riadha, na baadaye akamlea David Rudisha, bingwa wa mita 800, basi siogopi kuitwa kocha. Kazi yangu kubwa ni kutazama mabega. Yakianza kupanda masikioni, mtu amechoka hata akikataa.

Mdau wa Mwanza: Mnawadekeza. Mimi siku ya kwanza nilipiga kilomita 10 na sijaumwa popote.

Mleta mada: Una miaka mingapi, mkuu?

Mdau wa Mwanza: 26.

Mleta mada: Haya. Uzi huu utakuwepo ukifika 45.

Mdau wa Mbagala: Nina presha, natumia dawa, na uzito umepitiliza. Nafaa kweli?

Mleta mada: Kwanza muulize daktari anayekuandikia hizo dawa, na dawa usiache. Akikuruhusu, anza kwa kutembea haraka. Kifua kikibana au kizunguzungu kikija, simama hapo hapo, usisubiri kufika kwenye nguzo. Jumamosi tunaanza saa kumi na mbili kasoro, jua halijawaka. Na usikimbilie kununua raba za laki tatu, njoo na hizo ulizonazo tuone kwanza unavyokanyaga.