DAKTARI GANI ANAPANDA KITI JAMANI??

Nimetoka pale sasa hivi, mikono bado inatetemeka, makosa ya herufi mnivumilie. Mnamjua. Yule wa juu ya duka la viatu, bango limejaa kasuku, sungura, mpaka kobe. "Wanyama wote".

Nimempelekea Bahati, boa wangu wa mchanga, amegoma kula tangu baridi ianze. Nafungua sanduku. Bahati hata kichwa hajainua. Yule bwana AKAPANDA KITI. Na viatu! Nyoka hana sumu, si mrefu kuliko mwiko! Kutoka huko juu ananiuliza, "Umejaribu maziwa?" MAZIWA. Halafu risiti: uchunguzi, 2,000. Uchunguzi gani, na alikuwa kwenye kiti? Labda alichunguza dari.

Kiti chenyewe kina magurudumu. Nilikuwa naomba kimoyomoyo.

ShangaziSouthB: Mimi niko na daktari. Ningepanda kabati.

MkaaRongai: Kumbe ni wewe jirani! Nashangaa panya wamepungua plotini.

Mwenye uzi: Hawajapungua, Bahati HALI! Ndiyo shida yenyewe!

FundiMjusi: Cheka tu, lakini huyo ni mnyama wa sehemu kame, na Nairobi mwezi wa saba usiku ni digrii kumi na kitu. Akipoa tumbo halisagi, ndiyo maana anakataa. Upande mmoja wa sanduku ufike kama digrii 32, mwingine uwe wa kupoa, achague mwenyewe. Mchanga wa kujifukia usikose. Macho yakiingia ukungu anakaribia kujivua gamba, usimsumbue. Mpe panya aliyekufa, umpashe kwa maji moto, usiku, kisha ondoka. Ukimwachia panya hai mpaka asubuhi, panya ndiye atakayekula. Na acha kumshikashika kila mgeni akija! Akianza kukonda usimsukumie chakula mdomoni, mpeleke kwa daktari anayejua nyoka.

Mwenye uzi: Daktari nilienda. Alipanda kiti.

MamaTokeni: Digrii 32 kwa stima ya nani? Nimeweka tokeni ya 500 juzi, leo mita inalia.

MkaaRongai: Shukuru una mita yako. Kwetu tunagawana na kinyozi. Yeye ananyoa, mimi nalipa.

Kaptula_Umoja: Kwani KWS, wale wa wanyamapori, wanajua unafuga nyoka?

Mwenye uzi: Kibali ninacho, usianze. Turudi kwa kiti tafadhali. Mtu amesomea wanyama miaka mitano, halafu ANAPANDA

ShangaziSouthB: @MkaaRongai na maji je? Kwetu yanakuja Alhamisi usiku wa manane, rangi ya chai.

MkaaRongai: Yanakuja?! Sisi ni mitungi na punda tangu Pasaka.

Mwenye uzi: Jamani kiti

MamaTokeni: Kiti gani? Hapa tunaongea maji. Mwenye namba ya boza wa bei nzuri aniandikie, watoto hawajaoga.