Penthausi kwenye jengo la kihistoria, ninunue?

Wakuu habari, kuna penthausi (ile nyumba ya ghorofa ya juu kabisa) naitolea macho, jengo lilikuwa kiwanda zamani wakaligeuza makazi, dari juu kweli, matofali wazi, nguzo za chuma, madirisha balaa. Waifu kashaipenda. Kabla sijatoa hela nicheki nini?

> Uliza kama jengo linalindwa kisheria mkuu, maana kama linalindwa hata kubadili dirisha unaomba kibali na unaweza kunyimwa, na yale ya kizamani mengi yana kioo kimoja tu, baridi ndani, kelele ndani.

> Mi ningeanza na paa. Likivuja wa kwanza kulowa ni wewe. Soma mkataba ujue ni la wote au lako peke yako, na servis chaji (mchango wa kutunza jengo) usiichukulie poa, lifti ikihitaji matengenezo mnachangia wote.

> Inachekesha, kule SoHo New York walioanza kuishi viwandani walikuwa wasanii wasio na hela, sheria ikawatambua 1971, leo ndo anasa hiyo 😂

Paa sikuliwaza kabisa, kesho naomba huo mkataba. Waifu simwambii kitu kwanza