Kubenea wa Ubungo: tulipata mbunge au tulipoteza mhariri?

Kijana wa Mabibo: Wakuu, nauliza kwa nia njema. Saed Kubenea alikuwa mbunge wetu wa Ubungo kwa tiketi ya CHADEMA, 2015 hadi 2020. Kabla ya hapo tulimjua kwa gazeti lake la MwanaHALISI. Mimi nasema alitufaa zaidi akiwa na gazeti. Bungeni unapewa dakika zako chache, kengele inalia, unakaa, kisha upande wenye wingi unaitikia "ndiyooo". Mnaonaje?

Mzee wa Manzese: Hujui ulisemalo, mwanangu. Mtu kamwagiwa tindikali ofisini Januari 2008, mwenzake Ndimara Tegambwage akakatwa panga siku hiyohiyo, halafu 2011 gazeti likafungiwa bila kikomo. Ulitaka aandike wapi, ukutani? Waliomnyang'anya kalamu ndio waliompeleka bungeni.

Sikio la Shekilango: Shikamoo mzee. Ni Julai 2012, siyo 2011. Ilikuwa baada ya zile habari za kutekwa kwa Dk. Steven Ulimboka, kiongozi wa mgomo wa madaktari. Wakatumia Sheria ya Magazeti ya 1976.

Mzee wa Manzese: Marahaba. 2011, 2012, gazeti lilifungiwa au halikufungiwa?

Sheria Mkononi: Tazameni mfuatano wenyewe. Mahakama Kuu ililifungulia gazeti 2015, mwaka uleule aliombwaga Didas Masaburi wa CCM. Januari 2016 serikali ikatangaza kwamba TBC, televisheni ya taifa, haitarusha tena vikao vya Bunge moja kwa moja. Novemba ikapitishwa Sheria ya Huduma za Habari, yeye akiwa mbunge. Septemba 2017 MwanaHALISI likafungiwa tena, miezi 24. Maana yake kiti hakikumkinga yeye wala gazeti lake, na hata alichosema bungeni wapiga kura wake hawakukiona mubashara. Kwa hiyo swali siyo alifaa wapi. Swali ni Bunge lenyewe lilikuwa limebakiwa na nini.

Suka wa Mbezi: Maneno mengi. Waandishi wote wanaokimbilia ubunge wanafuata posho. Wamezoea bahasha, sasa wanataka bahasha nene.

Binti Kalamu: "Wote"? Kaka, mimi ni mwandishi wa kujitegemea. Nalipwa kwa habari iliyotoka, isiyotoka ni hasara yangu. Nauli ya kwenda kwenye tukio natoa mfukoni, bando natoa mfukoni, na malipo yenyewe yanaweza kukaa miezi. Nimeshakaa mahakamani tangu asubuhi hadi jioni, nikaandika, mhariri akaibana habari yangu ikawa mistari minne pembeni ya tangazo la tenda. Nikalipwa ya mistari minne. Usinitukane.

Suka wa Mbezi: Sijakutukana, dada. Jibu tu: bahasha huwa mnachukua, hamchukui?

Binti Kalamu: Wapo wanaochukua. Na anayeitoa ni nani? Ofisa anayetaka sura yake ukurasa wa mbele. Huyo mbona hatajwi naye?

Sikio la Shekilango: Hapo dada kasema. Kwenye semina wanaandika "nauli ya waandishi" kabisa kwenye bajeti.

Suka wa Mbezi: Nauli gani hiyo inayozidi nauli ya kwenda Mwanza?

Mama wa Sinza: Jamani, mtu kapata tindikali usoni mnamchanganya na bahasha? Angekuwa wa bahasha wangemwagia ya nini? Wangempa.

Kijana wa Mabibo: Wakuu, turudi kwenye mada. Mbona 2020 alihamia ACT-Wazalendo akaenda kugombea Kinondoni? Sisi Ubungo alituachia nani?

Mzee wa Manzese: Aliwaachia Kitila Mkumbo wa CCM na uchaguzi mnaoujua wenyewe. Na wewe enzi hizo gazeti ulikuwa unanunua? Maana hapa kijiweni nakala moja ilikuwa inasomwa na watu kumi, ikifika kwa wa mwisho imeshalowa chai. Hao kumi ndio leo wanauliza mhariri kaenda wapi.

Kijana wa Mabibo: Mzee, nilikuwa mwanafunzi, hela ya gazeti ningeitoa wapi?

Binti Kalamu: Mzee kagusa penyewe. Mnataka mwandishi asiyechukua bahasha, asiyeogopa tindikali, asiyetamani ubunge, na gazeti lake mlisome bure.

Suka wa Mbezi: Kwa hiyo kosa sasa ni letu wasomaji? Mimi nalipa kodi.

Mama wa Sinza: Kodi inalipa TBC. Gazeti binafsi unalilipa wewe. La mwisho umenunua lini?

Suka wa Mbezi: Siku hizi nasoma vichwa vya habari kwenye simu, vinatosha.

Binti Kalamu: Haya. Aliyeandika hivyo vichwa kalipwa na nani?