Diski nilizochoma mwenyewe zinagoma kwenye deki, za dukani zinacheza. Nakosea wapi?

mchomaji_mpya:
Wakuu habari za muda huu. Kuna kitu kinanisumbua wiki nzima sasa. Nilirekodi sherehe ya dada yangu kwa simu, nikaunganisha vipande kwenye laptopu nikapata video moja ya saa 1 na dakika 50 hivi, mp4, picha safi kabisa. Sasa mama hataki kusikia habari za simu wala laptopu, yeye anataka aweke CD kwenye deki yake akae kwenye kochi aangalie na wenzake. Deki ni ya zamani haina tundu la flashi, ila diski za dukani inapiga bila neno.

Nimeshaharibu diski 3. Ya kwanza niliburuta faili nikatupia kwenye diski kama ninavyofanya kwenye flashi, deki ikahangaika weee halafu ikaandika No Disc. Ya pili Windows iliponiuliza diski nataka kuitumia kama flashi au kwenye CD/DVD player nikachagua hiyo ya player nikajua hapa nimemaliza kazi, wapi, safari hii imeandika kitu kama haitambui fomati. Ya tatu nikapata programu ya kutengeneza DVD nikachomea kwenye RW ile ya kufuta na kurudia, ikarudi kulekule No Disc. Na zote tatu kwenye laptopu zinacheza fresh!! Hapo ndo nachanganyikiwa.

kimya_kimya:
Lenzi imechoka hiyo mkuu, ipeleke kwa fundi au badilisha deki

mchomaji_mpya:
Mkuu za dukani zinacheza, tena hata zenye mikwaruzo. Lenzi iliyochoka itakuwa inachagua?

fundi_wa_zamu:
Inaweza kuchagua kweli, lenzi ikianza kuchoka za kuchoma ndo zinatangulia kugoma, kimya_kimya hajakosea sana. Ila kwa maelezo yako sidhani kama ni hilo, maana deki yako imeshakuambia tatizo mara mbili, hukuisikiliza tu. Imekuandikia vitu viwili tofauti. No Disc maana yake haikuona kitu kabisa, hapo shida ni diski yenyewe au namna ilivyoandikwa. Ikisema haitambui fomati maana yake diski imeiona vizuri tu, ikafungua, ikakuta ndani kuna kitu haikijui. Hizo ni shida mbili na dawa zake haziingiliani, watu wengi wanazichanganya wanaishia kununua diski nyingine kila siku.

Tuanze na ya pili. Hilo swali la Windows limedanganya watu wengi sana. Ukichagua ya player haigeuzi video yako kuwa DVD, inaandika faili lako lilelile la mp4 ila kwa mpangilio wa kawaida ambao mashine nyingine zinausoma. Deki ya zamani haijui mp4 ni nini. Inachojua ni DVD yenyewe, yaani folda inayoitwa VIDEO_TS, ndani yake faili za VOB, IFO na BUP, picha iwe MPEG-2 na sauti AC-3 au PCM au MPEG. Chukua diski yoyote ya dukani ifungue kwenye laptopu utaona hivyo hivyo. Na usifikiri ukibadilisha jina la mp4 likawa .vob umemaliza, ndani bado ni ileile (nilishawahi kufanya huo ujinga, nacheka hadi leo).

Ya kwanza uliyoburuta kama flashi, pale Windows inatumia mpangilio mwingine wa kuhifadhi faili, mpya zaidi kuliko ule wa DVD za video, na deki nyingi za zamani hazina habari nao. Kwa hiyo hata ungeweka VIDEO_TS ya kweli humo ingegoma.

Ya tatu sasa ndo inauma maana nahisi ndani ulipatia. Kosa ni RW. Diski ya kuchoma mara moja inarudisha mwanga wa leza kuanzia kama asilimia 45 kwenda juu, RW inarudisha 18 hadi 30 tu. Deki za zamani zikiona mwanga hafifu hivyo zinadhani ni DVD ya tabaka mbili, maana na zenyewe zinarudisha mwanga hafifu, zinatafuta tabaka la pili halipo, zinakata tamaa. Drevu ya laptopu imetengenezwa isome kila aina na programu za kuchezea video zinajua karibu kila fomati, ndo maana kwake zote tatu zimepita. Laptopu sio shahidi mzuri kwenye kesi hii.

Chukua matokeo ya ile programu yako, chomea kwenye DVD-R ya kawaida, ile ya kuchoma mara moja, uone.

Mama_Tee:
Na kabla hujachoma angalia kama programu yako imewekwa PAL au NTSC, hiyo ni mifumo miwili ya picha za tv. PAL ni 720 kwa 576 picha 25 kwa sekunde, NTSC 720 kwa 480 picha 29.97. Deki nyingi zinakubali zote ila kuna tv za zamani ukiweka NTSC inatoka nyeusi na nyeupe au inaruka ruka, watu wanalaumu diski bure. Angalia diski ya dukani inayocheza vizuri kwa mama ni ipi uifuate hiyo.

Region usihangaike nayo, hayo mambo yako kwenye diski za kampuni, ya kuchoma nyumbani kwa kawaida haifungwi na eneo.

juakali99:
Mbona hamumwambii habari ya DVD+R, ile aina nyingine ya kuchoma mara moja? Mimi natumia plus miaka yote na haijawahi kunikatalia, na ukitaka kabisa unaiandika aina yake ionekane DVD-ROM basi deki inadhani ni ya kiwandani.

fundi_wa_zamu:
Kweli mkuu hiyo ipo lakini sio kila drevu inakubali kubadilisha hiyo alama, na kwa -R haiwezekani kabisa. Mimi nimesema -R kwa sababu ndo ya mwanzo, ilitoka 1997 wakati +R imekuja 2002, kwa hiyo deki ikiwa kongwe sana uwezekano wa kuifahamu minus ni mkubwa zaidi. Deki za baadae zote mbili sawa tu wala hakuna haja ya kugombana.

juakali99:
Hatugombani mkuu, naongezea tu 😂 Kingine mwambie afunge diski akimaliza. Kuna programu zinaacha wazi ili uongeze vitu baadae, deki ikikuta haijafungwa haiangalii mara mbili.

mchomaji_mpya:
Asanteni sana wakuu. Sasa swali la kizembe, programu niliyonayo ni ya majaribio inaweka maandishi katikati ya picha. Kuna ya bure? Nilijaribu HandBrake inatoa mp4 tu.

Mama_Tee:
HandBrake haitengenezi DVD, hiyo ni ya kutoa mp4 na mkv, umeenda nayo kinyume. Chukua DVDStyler, ni ya bure, unaburuta video yako inaigeuza yenyewe, inakutengenezea na menyu ukitaka, halafu inachoma au inakutolea folda. Mimi huwa natoa folda nachoma na ImgBurn, ni ya zamani haijatoka toleo jipya tangu 2013 ila kazi yake inaifanya na inasoma diski upya ikimaliza kuhakikisha kila kitu kimeandikwa. Hiyo hatua ya kuhakiki usiiruke.

Kwa urefu wa video yako usiogope nafasi. Diski ya 4.7 GB kwa masaa mawili inakupa kama megabiti 5 kwa sekunde picha na sauti pamoja, hapo ubora ni mzuri tu. Ukitaka kubana masaa manne humo ndo utaanza kuona vinyago. Na usishtuke kompyuta ikisema diski ina 4.38, hujaibiwa, ni namna ya kuhesabu tu.

mchomaji_mpya:
Wakuu IMECHEZA! Nimetumia DVDStyler, PAL, DVD-R. Mama kaangalia kuanzia mwanzo. Ila ilipofika dakika za mwisho kama 15 hivi ikaanza kukwama, picha zinagawanyika vipande vipande, sauti inakata, mwisho ikaganda kabisa wakati wa kukata keki 😩 Nimerudia mara 2 inaganda palepale. Spidi niliacha ya juu kabisa nilikuwa na haraka.

fundi_wa_zamu:
Hahaha keki tena. Umejijibu mwenyewe hapo mwisho mkuu. DVD inaandikwa kuanzia ndani katikati kwenda nje, kwa hiyo mwisho wa video yako uko pembezoni mwa diski, na pembezoni ndo makosa yanapojaa, ukichoma kwa spidi ya juu diski inazunguka kwa kasi, ikicheza kidogo tu leza inakosa mstari. Angalia kwanza kama hakuna alama za vidole pale ukingoni, ukifuta futa kutoka katikati kwenda nje usizungushe. Kama ni safi basi choma nyingine kwa 4x au 8x. Kwa 4x diski iliyojaa inachukua kama robo saa, nenda kanywe chai. Usishuke chini ya hapo, diski za siku hizi zilizoandikwa 16x ukizichoma taratibu sana nazo hazitoki vizuri.

Punguza pia ujazo, badala ya kujaza hadi ukingoni ishushe kidogo iwe GB 4.2 hivi, mama hataona tofauti. Na kama unabandika karatasi juu yenye majina, acha. Inavuta diski upande mmoja. Andika kwa kalamu laini ya CD, sio ya kawaida ya ncha ngumu.

mchomaji_mpya:
Kuhusu karatasi umenipata, nilibandika picha ya maharusi nzuri kweli 🙈

kimya_kimya:
Kumbe keki ilikwama kwa sababu ya bibi harusi mwenyewe

mchomaji_mpya:
Nimechoma ya 4x bila karatasi, 4.2, imehakikiwa. Imecheza mpaka mwisho, keki imekatwa. Kimebaki kitu kidogo, kuelekea mwisho midomo na sauti havikutani vizuri, sauti inachelewa kidogo. Mama hajagundua ila mimi naona.

Mama_Tee:
Hiyo haihusiani na diski. Simu nyingi zinarekodi kwa kasi ya picha inayopanda na kushuka, mara 30 mara 27, na DVD inataka kasi moja tu isiyobadilika, kwa hiyo tofauti inajikusanya mdogo mdogo mpaka mwisho inaonekana. Rudi kwenye mp4, ndo hapo HandBrake itakufaa sasa, iwekee 25 na uchague kasi isiyobadilika, halafu hiyo mpya ndo uipeleke DVDStyler.

mchomaji_mpya:
Sawa dada nitafanya wikiendi, kwa sasa sipewi diski nikaijaribie, wageni wamejaa sebuleni wanairudia mara ya tatu.